Koo la Mtoto na Moyo Wake
Somo la afya: Homa ya baridi yabisi



Mtoto wako anaamka asubuhi anasema, "Mama, koo linaniuma." Unamgusa, ana joto. Uji anausukuma kando kwa sababu kumeza kunamtesa. Unampa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Baada ya siku nne au tano anapona, anarudi shuleni. Wewe unarudi kwenye pamba yako na kusahau.

Wiki tatu zinapita. Siku moja mtoto huyo hawezi kusimama. Goti limevimba na lina moto. Kesho yake goti limepoa, lakini sasa kifundo cha mguu ndicho kimevimba. Keshokutwa ni kiwiko.

Hapo maneno huanza. Jirani mmoja anasema mtoto aliumia mpirani. Mwingine anasema ametupiwa kitu, na kitu hicho kinatembea mwilini. Hakuna anayelikumbuka lile koo.

Ugonjwa huu unaitwa homa ya baridi yabisi. Usiuchanganye na baridi yabisi ya wazee, ile inayowauma magoti miaka na miaka. Homa hii huwapata hasa watoto wa miaka 5 mpaka 15, yaani watoto wa shule. Viungo vyao huvimba, kisha hupona bila kuacha kilema. Kinachoweza kuharibika ni moyo, na moyo huharibika mzazi asione.

KOO LINAVYOFIKA MOYONI

Chanzo ni vijidudu vinavyoitwa streptokoka. Hukaa kooni na huenda kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kukohoa, kupiga chafya na kulala wengi katika chumba kimoja kisichopitisha hewa. Vijidudu hivi havitembei kutoka kooni kwenda kuukamata moyo. Mambo huenda hivi.

Hapa kwetu Usukumani kila mtu anawajua sungusungu. Wizi ukitokea, yowe hupigwa na walinzi hutoka. Sasa fikiria usiku mmoja mwizi amekimbia, na walinzi wakamkuta mwenyeji asiye na kosa aliyevaa nguo kama za mwizi. Wanampiga huyo. Mwili nao una walinzi wake katika damu. Streptokoka wakiingia kooni, walinzi hao hutengenezwa ili kuwapiga. Lakini streptokoka wamefanana kidogo na nyama ya moyo na ya viungo vyetu. Kwa baadhi ya watoto walinzi hukosea. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, wao bado wanapiga, na wanaompiga ni mwenyeji.

Ndani ya moyo kuna vali nne. Vali ni milango midogo inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Ukitaka kuelewa, itazame pampu ya kisima cha kijiji. Vali ya pampu ikichakaa, unapiga mkono mara nyingi na maji yanayotoka ni kidogo, kwa kuwa mengine yanarudi chini. Moyo wenye vali mbovu hufanya kazi hiyo hiyo ya bure, mchana na usiku. Kila homa hii inapomrudia mtoto, vali huumizwa tena. Nyingine hushindwa kufunga, nyingine hukakamaa na kushindwa kufunguka.

DALILI ZAKE

Dalili ya viungo tumekwisha kuiona: homa, na uvimbe unaohama kutoka kiungo kikubwa kimoja hadi kingine. Ya pili ni ya moyo wenyewe. Mtoto huchoka upesi, moyo humwenda mbio hata akiwa amekaa, huhema akipanda kilima kidogo, na usiku hawezi kulala chali. Miguu ikianza kuvimba, hali imekuwa mbaya. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili ya tatu inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watoto wengi huadhibiwa kwa ajili yake. Mikono na uso wa mtoto huanza kucheza bila yeye kutaka. Anamwaga chai. Anadondosha kalamu. Mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika, na mwalimu anasema ni uvivu. Anakunja uso, na mama anadhani anadharauliwa. Mara analia, mara anacheka. Akilala usingizi, kucheza huko kunakoma. Dalili hii huwapata zaidi wasichana, na inaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo kuuma. Si mapepo, si kifafa, wala si utundu. Walimu mnaosoma ukurasa huu, mtoto wa namna hiyo mpelekeni zahanati, msimchape.

Mara chache hutokea vinundu vidogo visivyouma chini ya ngozi, karibu na viwiko na magoti, au madoa ya mviringo mwilini. Madoa hayo ni magumu kuyaona kwenye ngozi nyeusi. Usiyategemee.

HOSPITALI WATAFANYA NINI

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema peke yake kwamba hii ni homa ya baridi yabisi. Mwaka 1944 daktari mmoja wa Marekani, T. Duckett Jones, alizipanga dalili katika makundi mawili, kubwa na ndogo. Madaktari huzihesabu, kisha hutafuta ushahidi kwamba streptokoka walipita kooni. Utaratibu huo umerekebishwa mara kadhaa lakini bado unatumika duniani kote. Kwa hiyo habari unayompa daktari ni sehemu ya kipimo. Mwambie: "Wiki tatu zilizopita aliumwa koo." Mwambie kiungo kipi kilianza na kipi kilifuata. Ukitaja goti la leo tu, umemficha nusu ya ugonjwa.

Atapimwa pia malaria. Kumbuka kwamba malaria haivimbishi goti. Huku Kanda ya Ziwa atapimwa na sikoseli, kwa sababu ugonjwa huo tunao kwa wingi na wenyewe pia huleta maumivu makali ya viungo. Daktari atausikiliza moyo. Ikibidi mtoto atapelekwa kwenye kipimo cha eko, mashine inayoonyesha vali zikifunguka na kufunga. Haimuumizi hata kidogo.

Kwa sisi tulioko Nyashimo, njia huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya yetu ya Busega. Kutoka hapo mgonjwa huweza kuandikiwa rufaa kwenda hospitali ya mkoa Bariadi, au Bugando kule Mwanza. Nauli ni tatizo, tunajua. Ndiyo maana inafaa kuanza safari mtoto akiwa na goti lililovimba, kabla hajafika kwenye miguu iliyovimba.

Tiba yenyewe ni hii. Mtoto hupewa penisilini ya kuua streptokoka waliobaki kooni. Hupewa aspirini ya kupunguza uvimbe, kwa kipimo cha daktari. Usimnunulie mtoto aspirini dukani kwa akili yako, inaweza kumdhuru. Moyo ukiwa umeguswa, hulazwa na kupumzishwa.

Aspirini hutuliza viungo upesi sana. Siku mbili tatu tu mtoto anacheza uani. Hapo wazazi wengi hukosea.

SINDANO YA KILA WIKI NNE

Mtoto aliyeugua homa hii mara moja ni rahisi kuugua tena kila streptokoka wanapoingia kooni. Ili wasiingie, huchomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki nne, wengine kila wiki tatu. Dawa hiyo hukaa mwilini ikitoka polepole. Huendelea kwa miaka, angalau mitano. Moyo ukiwa umeumia, huenda miaka 10 au zaidi, na wengine huchomwa hadi utu uzima. Daktari ndiye atakayepanga mwisho wake.

Najua utakavyosema. Mtoto hana homa, anakimbia, anachunga ng'ombe. Kwa nini nimtoe shuleni nikamchome sindano inayouma, wakati mpunga unaliwa na ndege?

Jibu limepatikana kwa jirani zetu wa Uganda. Huko Gulu madaktari waliwachukua watoto na vijana 818 wa miaka 5 mpaka 17. Vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika kidogo, na kipimo cha eko tu ndicho kilichoona. Wenyewe hawakujisikia wagonjwa. Nusu walichomwa sindano hii kila wiki nne, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili walipimwa tena. Katika wale 400 wasiochomwa, vali za 33 zilikuwa zimezidi kuharibika. Katika wale 399 waliochomwa, ni watatu tu. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2021.

Sindano inauma, ni kweli. Mwambie mtoto hivyo, usimdanganye. Ikiwa aliwahi kuvimba au kuwashwa baada ya kupewa penisilini, mweleze mhudumu kabla hajachoma. Isichomwe nyumbani wala dukani. Ukimhamishia mtoto kwa shangazi yake Magu au Lamadi, kadi yake iende naye.

Vali ikiharibika kabisa, hakuna kidonge cha kuirudisha. Husaidia upasuaji. Zamani wagonjwa wetu wengi walipelekwa India. Siku hizi upasuaji huo hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ni kazi kubwa na ya gharama kubwa. Sindano za zahanati ni nafuu mara nyingi sana.

Neno moja kwa wasichana. Mimba huuongezea moyo kazi, na vali iliyokakamaa haiwezi kuibeba. Kuna wanawake wanaogundua ugonjwa wa utotoni siku wanapozidiwa na ujauzito. Kama uliwahi kuugua homa hii, sema kliniki mapema, au kabla ya kushika mimba. Sindano ya penisilini haimdhuru mtoto aliye tumboni.

KUZUIA KUNAANZA KOONI

Makoo mengi yanayouma huletwa na virusi na hupona yenyewe. Hayo huja na mafua na kikohozi. La streptokoka huanza ghafla: homa, kumeza kwa shida, mafindofindo mekundu yenye madoa meupe, tezi chini ya taya zimevimba na zinauma, lakini mafua hakuna. Mtoto wa namna hiyo mpeleke zahanati ndani ya wiki ile ile, hata kama anaanza kupata nafuu. Akipewa vidonge vya siku 10, avimalize vyote. Wengi huacha siku ya tatu na kuweka vingine kwa ajili ya mdogo wake. Hapo umewaacha watoto wawili bila dawa.

Bado wapo wanaowapeleka watoto kukatwa kimio, au kimeo kama wengine wanavyokiita. Kimio hakina kosa. Kukikata hakuui streptokoka hata mmoja, na mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata pepopunda.

Nyumbani, fungueni madirisha. Watoto wakiweza kulala kwa nafasi, walale kwa nafasi. Anayekohoa afunike mdomo.

ZOEZI

Fanyeni zoezi hili katika kikundi chenu cha kisomo. Wiki nne ni siku 28, si mwezi wa kalenda. Kwa hiyo mtoto aliyeanza Jumanne atachomwa Jumanne daima, na kwa mwaka sindano ni 13, si 12. Tuseme alichomwa Jumanne tarehe 2 Juni. Ya pili ni tarehe 30 Juni. Ya tatu ni tarehe 28 Julai. Endeleeni kuandika tarehe hizo mpaka Desemba. Mkifika Jumanne tarehe 15 Desemba, mmepata.