Usitie Saini Kabla ya Kujua Gharama
Kijitabu kwa wazazi wanaopeleka watoto chuo kikuu Marekani

Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, sheria mpya ya Marekani inaweka kikomo kwa mkopo wa serikali uitwao Parent PLUS, ule anaouchukua mzazi kwa ajili ya mtoto aliye chuoni. Kikomo ni dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto, ilhali zamani mzazi aliweza kukopa gharama yote iliyobaki baada ya misaada mingine. Tunawaandikia wazazi wanaozungumza Kiswahili, hasa waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na ambao mtoto anayekwenda chuo ni wa kwanza katika ukoo. Tuna jambo moja la kusema, na tutalirudia bila kuchoka: mkopo si ufadhili. Ufadhili haurudishwi. Mkopo hurudishwa, na riba juu yake.

Chukueni hesabu za kikomo chenyewe. Mzazi anayekopa dola 20,000 kila mwaka atakuwa amefikia dola 60,000 mwisho wa mwaka wa tatu. Mwaka wa nne, mwaka wa kuhitimu, atabakiwa na dola 5,000 tu. Mtoto aliyepelekwa chuo kwa kutegemea mkopo huo atajikuta mlangoni mwa mwaka wa mwisho bila ada ya kutosha, na aliyekatiza masomo hana shahada ila deni lipo palepale. Riba ya mkopo huu kwa mwaka wa masomo 2025–2026 ilikuwa asilimia 8.94, na kabla fedha hazijafika chuoni serikali hukata zaidi ya asilimia 4 kama ada ya mkopo. Mikopo ya Parent PLUS itakayotolewa kuanzia tarehe hiyo ya Julai haitaingia tena katika mipango ya kulipa kulingana na kipato. Wapo wanaosema mtoto ataulipa akishapata kazi. Huenda akasaidia, na ni wema wake, lakini mbele ya sheria mdaiwa ni mzazi aliyetia saini.

Hatari huanzia kwenye barua ya chuo inayoorodhesha misaada. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza barua hizo ikakadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi gharama halisi ambayo familia italipa, ama huionyesha kuwa ndogo kuliko ilivyo. Tunawaomba mlitafakari hilo. Barua yenye rangi za chuo na neno la pongezi huweka ufadhili, mkopo wa mwanafunzi, mkopo wa mzazi na malipo ya kazi ambayo mtoto hajaianza katika safu moja, kisha hujumlisha yote na kuyaita msaada. Kaeni na mtoto, mchukue kalamu. Andikeni ada, malazi, chakula, vitabu, bima na nauli. Toeni ufadhili pekee, ukiwemo ule wa serikali uitwao Pell, ambao kiwango chake cha juu kwa 2025–2026 kilikuwa dola 7,395. Kinachobaki ndicho gharama halisi ya mwaka mmoja. Zidisheni mara nne, kwa kuwa hakuna anayesoma mwaka mmoja tu, na kumbukeni kwamba ada hupanda. Ulizeni pia kama ufadhili utaendelea mwaka wa pili na kwa wastani gani wa alama. Pell na misaada mingine ya serikali haipatikani bila kujaza fomu ya maombi iitwayo FAFSA, ambayo ni ya bure. Anayewatoza fedha kwa fomu hiyo mkimbieni. Wakimbizi na wakaazi wa kudumu wanaruhusiwa kuijaza. Wengine waulize ofisi ya misaada ya chuo.

Pingamizi kubwa tunalolisikia ni la jina: chuo mashuhuri hufungua milango, kwa nini tubane senti? Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walilinganisha wanafunzi wenye uwezo na maombi yanayofanana, wengine wakiwa wamesoma vyuo vinavyochagua sana wanafunzi na wengine visivyochagua hivyo, wakakuta kwamba kwa walio wengi mapato ya baadaye hayakutofautiana sana. Haki inatulazimu kuongeza kwamba waliwakuta pia waliofaidika, wakiwemo wanafunzi weusi na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Kwa hiyo pingamizi lina uzito kwa watoto wetu. Ila vyuo vinavyochagua kuliko vyote, kama vile vinane vya Ivy League, hutoa ufadhili mkubwa kwa familia zenye kipato kidogo, na mara nyingi mtoto wa familia hizo hulipa kidogo huko kuliko kwingine. Tunachokiogopa ni chuo binafsi cha kawaida, cha ghali, ambacho mtoto amekipenda kwa bustani na uwanja wake na ambacho mzazi anakigharamia kwa mkopo, huku chuo kikuu cha jimbo kikifundisha fani ileile kwa bei ambayo familia inaimudu. Mapenzi ya mtoto yasikilizwe, ila yasiwe ndiyo hoja pekee mezani.

Kabla ya kukikataa chuo hicho, ombeni kipunguze bei. Vyuo binafsi visivyo vya biashara huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa wastani, zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa, na bei ya aina hiyo inajadilika. Ufadhili wa ufaulu, yaani unaotolewa kwa alama nzuri, huamuliwa na chuo chenyewe, aghalabu kupitia ofisi ya udahili. Mwanafunzi mwenyewe aandike ukurasa mmoja wa heshima: anakitaka chuo hicho, gharama halisi imebaki kiasi gani, chuo kingine cha hadhi ileile kimempa kiasi gani, na alama zipi mpya amezipata tangu aombe. Aambatishe barua ya chuo kile kingine na ataje kiasi anachokihitaji. Vyuo vya Ivy League havitoi ufadhili wa ufaulu, basi huko asiombe kwa alama. Kama mzazi amepoteza kazi au ameugua, hilo ni ombi tofauti, lipelekwe ofisi ya misaada pamoja na vielelezo. Sheria ya shirikisho inawapa maofisa wa ofisi hiyo mamlaka ya kurekebisha hesabu za familia, na inakikataza chuo kuwa na desturi ya kukataa maombi yote ya namna hiyo.

Wazazi wengi huona aibu, au huogopa kwamba chuo kitachukia na kumnyima mtoto nafasi. Nafasi haifutwi kwa sababu familia imeomba kwa adabu. Maofisa wa vyuo hupokea maombi ya aina hii kila msimu wa masika. Jibu likiwa hapana, mmebaki pale mlipokuwa, na sasa mnaijua gharama. Vyuo vingi hutaka uamuzi kufikia tarehe 1 Mei. Pelekeni ombi wiki kadhaa kabla, na mpaka jibu litakapokuja kwa maandishi, msitie saini mkopo wowote wa mzazi.