Neno na Wenzake: Shauri kwa Wanaojifunza Kiingereza

Kila muhula wanafunzi wa Kidato cha Kwanza huniletea madaftari yao ya maneno niyatazame. Mengi ni safi, yamepigwa mstari katikati kwa rula: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kiswahili. Kazi hiyo si mbaya, na mwenye kuifanya hukumbuka mengi kuliko asiyeifanya. Lakini daftari la namna hiyo lina hila ndani yake. Nataka kuionyesha hila hiyo, kisha nieleze jinsi ya kuiondoa.

Jambo hili si la somo la Kiingereza peke yake. Hapa Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mwaka 1967, na watoto wengi mpaka leo huanza masomo yao kwa lugha hiyo. Wakiingia sekondari, historia, jiografia, baiolojia na hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, na mitihani yake huandikwa kwa Kiingereza. Basi mtoto asiyejua maana ya neno hapotezi neno tu. Aweza kupoteza swali zima ambalo jibu lake alikuwa nalo kichwani.

Wako waliofikiri kwamba dawa ni kupunguza idadi ya maneno. Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, alitoa orodha ya maneno 850 ya Kiingereza, akasema yatosha kwa mazungumzo ya kila siku. Vitenzi vyake havikuzidi 18. Mwanafunzi akisikia hivyo hufurahi: maneno 850 ni machache, akishika matano kila siku atayamaliza kabla ya miezi sita!

Lakini tulitazame moja katika hivyo vitenzi, nalo ni "get". Daftarini limeandikwa "kupata", na kweli "get a letter" ni kupata barua. Lakini "get up" ni kuamka, "get home" ni kufika nyumbani, "get on a bus" ni kupanda basi, na "get old" ni kuzeeka. Kadhalika "give" ni kutoa au kupa, lakini "give up" ni kukata tamaa, na "give in" ni kukubali kushindwa. Maneno ni machache, maana ni nyingi. Michael West, aliyekuwa mwalimu huko Bengal, aliliona jambo hili. Orodha yake ya maneno kama 2,000, iliyotolewa mwaka 1953, haikutaja neno tu; ilionyesha pia kila maana ya neno hutumika kwa kadiri gani. Orodha hiyo ni ya zamani, lakini fundisho lake ni jipya kila muhula: usihesabu maneno tu, hesabu na maana.

Hila ya pili ni kwamba lugha mbili hazigawi mambo sawasawa. Sisi twasema mkono, tangu begani mpaka vidoleni. Mwingereza hugawa: sehemu ya kushikia kitu ni "hand", na kutoka hapo mpaka begani ni "arm". Mguu nao kwake ni viwili, "foot" na "leg". Sisi tuna vidole vya mkono na vidole vya mguu; yeye ana "fingers" na "toes", wala havichanganyi. Neno letu kuazima latumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia; kwa Kiingereza anayetoa hufanya "lend", anayepokea hufanya "borrow". Mwanafunzi amwambiaye mwalimu "Borrow me your pen" amefuata Kiswahili neno kwa neno, na Kiingereza kimemtoka.

Neno kusikia ni mfano mzuri zaidi. Twasikia sauti, twasikia njaa, twasikia baridi, hata harufu twaisikia. Mwingereza husikia sauti tu, ndiyo "hear". Baridi kwake ni "feel", na harufu ni "smell". Njaa hasemi kwamba anaisikia. Husema "I am hungry".

Msije mkadhani kwamba Kiingereza ni tajiri na Kiswahili ni maskini. Ulizeni Kiingereza habari za wali! Mmea shambani ni "rice", punje zilizokobolewa ni "rice", na chakula kilichoiva sahanini ni "rice". Sisi tuna mpunga, mchele na wali, wala mama hamtumi mtoto dukani kununua wali autie chunguni. Dafu, koroma na nazi kwao ni "coconut", na hapana budi waongeze maneno mengine wapate kupambanua. Mjomba, baba mkubwa na baba mdogo wote ni "uncle", na hapo Mwingereza hawezi kujua kama mtu huyo ni wa upande wa mama au wa baba. Kila watu hupambanua yale wanayoyalima, wanayoyala na wanayoyaheshimu.

Hila ya tatu imo katika maneno tunayodhani tunayajua kwa kuwa yamekwisha ingia katika lugha yetu. Mtu akisema anakwenda hotelini kunywa chai na kula chapati, sisi twamwelewa. Lakini "hotel" kwa Kiingereza ni mahali pa kulala wageni. Mahali pa kula tu ni "restaurant". Kabati lilitoka katika "cupboard", lakini kabati la nguo Mwingereza huliita "wardrobe". Neno likisafiri hubadili tabia, kama mtu aliyehamia mji mwingine. Na saa je? Saa mbili asubuhi kwetu ni "eight o'clock". Mwenye kutafsiri hesabu bila kutafsiri desturi ataambiwa basi laondoka "at eight", naye atafika saa nane mchana na kukuta vumbi.

Sasa nifike penye madhara makubwa, yaani chumba cha mtihani. Katika madaftari mengi naona "describe" ni kueleza, na "explain" ni kueleza pia. Kwa daftari ni sawa. Kwa msahihishaji si sawa hata kidogo. Tuseme swali la jiografia lahusu hali ya hewa ya pwani yetu. Likianza na "describe", wataka kusema ilivyo: kuna joto na unyevu, mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Likianza na "explain", wataka kutoa sababu: pwani i karibu na ikweta, bahari hutia hewa unyevu, na pepo za kaskazi na kusi hupokezana. Likianza na "state", taja tu, kwa ufupi. Mtoto aliyeulizwa sababu akajaza ukurasa mzima kwa kusema ilivyo hukosa alama, naye pengine amezaliwa Kilwa na mvua hizo zamnyeshea kila mwaka.

Dawa yake ni nini? Msilitupe daftari, litengenezeni. Kwanza, kila neno liandikeni ndani ya sentensi nzima mliyoisoma au kuisikia, maana neno hujulikana kwa wenzake kama mtu ajulikanavyo kwa rafiki zake. Pili, acheni nafasi ya mistari mitatu chini ya kila neno, ili maana nyingine ikitokea ipate pa kukaa. Tatu, litumieni neno hilo kwa kusema na kwa kuandika kabla ya juma kwisha. Maneno matatu yaliyotumika ni bora kuliko thelathini yaliyolala.

Nanyi wazazi, msiseme kwamba Kiingereza hamkujui na kwa hiyo hamna la kufanya. Mwulizeni mtoto jioni, "Leo mmejifunza nini? Nieleze kwa Kiswahili." Akieleza vizuri, ameelewa. Akirudia maneno ya Kiingereza tu, hajaelewa, naye mwenyewe atatambua hivyo mbele yenu. Na walimu wenzangu wa masomo mengine, naomba dakika tano za mwanzo wa kipindi kwa maneno magumu ya siku hiyo. Hazitapotea.

Zoezi. Tafsirini kwa Kiingereza, kila moja kwa sentensi nzima:

1. Niazime rula yako.
2. Nimeazima rula ya dada.
3. Nasikia baridi, tena nasikia harufu ya moshi.
4. Mchele uko gunia zima, lakini wali umekwisha.
5. Kidole cha mguu kinaniuma.
6. Tutaondoka saa moja asubuhi.

Majibu yaandikwe katika daftari la maneno na kuletwa kwangu juma la kwanza la muhula ujao.