Fundisho la Amri ya Tano: Macho ya Dereva na Uhai wa Jirani

Amri ya tano yasema: Usiue. Watu wengi wakisikia neno hilo humfikiri mtu mwenye hasira, ashikaye kisu au mkuki. Lakini mtu aweza kumwua mwenzake pasipo chuki yoyote, kwa kuwa tu hakuangalia mbele yake.

HABARI

Tarehe 22 Septemba 2006, katika jimbo la Utah nchini Marekani, kijana wa miaka 19 alikuwa akiendesha motokari asubuhi mapema kwenda kazini. Mvua ilikuwa ikinyesha. Njiani alikuwa akiandikiana ujumbe na rafiki yake kwa simu ya mkononi. Motokari yake ikavuka mstari wa katikati ya barabara, ikaigusa motokari iliyotoka upande wa pili. Hiyo ikateleza, ikagongwa ubavuni na gari jingine. Wanaume wawili waliokuwamo, wataalamu wa sayansi, wenye wake na watoto, wakafa. Kijana mwenyewe hakuumia.

Alipoulizwa, alikana kwamba alikuwa akiandika. Lakini wapelelezi walichungua hesabu za simu yake, wakaona jumbe zilizokwenda na kurudi wakati ule ule. Mwaka 2009 akakiri kosa lake mbele ya hakimu, akahukumiwa kifungo cha siku 30. Mwaka huo huo alisimama mbele ya wabunge wa Utah, akawaeleza yote, nao wakatunga sheria kali ya kukataza jambo hilo. Kisha akaenda shule kwa shule, akiwasimulia wanafunzi wa sekondari kosa lake bila kuficha neno.

MAELEZO

Katika Marekani vijana wengi hupata ruhusa ya kuendesha motokari tangu miaka 16, wangali shuleni. Kwa hiyo walimu huwafundisha kwamba dereva ahitaji vitu vitatu: macho ya kutazama njia, mikono ya kushika usukani, na akili ya kuamua. Aandikaye ujumbe huviondoa vyote vitatu kwa mara moja.

Tena huwapa hesabu. Motokari iendayo kilomita 90 kwa saa hupita meta 25 kwa sekunde moja. Dereva akiitazama simu kwa sekunde 5, amekwisha kwenda meta 125 kama kipofu. Katika nafasi hiyo mtoto aweza kuingia barabarani na kugongwa, kabla dereva hajainua kichwa.

Wengine hujitetea wakisema: «Mimi siishiki simu, naongea tu.» Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha mwaka 2006 kwamba dereva aongeaye kwa simu, hata asipoishika mkononi, huchelewa kukanyaga breki. Macho yake yako njiani, bali akili yake iko mbali.

Madhara yake ni makubwa. Mwaka 2022 watu 3,308 walikufa huko Marekani katika ajali zilizohusu madereva ambao mawazo yao hayakuwa njiani.

YAPASAYO KUFANYWA

Mwenye motokari, na vilevile mwenye pikipiki au baiskeli, aiweke simu mbali kabla ya kuondoka. Akiwa na neno la lazima, asimame kwanza kando ya njia. Aliyepanda pamoja naye asinyamaze akiona hatari. Amwonye kwa heshima, hata kama dereva ni mkubwa kwake. Naye ajuaye kwamba ndugu yake yuko safarini asimpigie simu, bali angoje afike.

MASWALI

1. Je, yule kijana alitaka kuua?
— Hapana. Lakini alichagua kuitazama simu, na uchaguzi huo ndio ulioleta mauti.

2. Dereva aweza kuharibu usalama wa nani?
— Usalama wake mwenyewe, wa wale aliowachukua, na wa wote wapitao njiani.

3. Kukiri kwake kulifaa nini, kwa kuwa wafu hawakurudi?
— Kulikomesha uongo, kukasaidia sheria kutungwa, na kukawaonya vijana wengine wasitende vile.

4. Mtu afanye nini simu ikilia naye yuko njiani akiendesha?
— Aiache ilie. Ujumbe waweza kungoja. Uhai ukipotea haurudishwi.