Upanga wa Himalaya: Mafunzo Niliyopata

Muuzaji akikwambia, "Huu ni wa Tibet, una miaka mia tatu," ametoa madai mawili, na kila dai lidaiwe ushahidi wake. Katika kukagua silaha za kale nimejifunza kuutafuta ushahidi huo kwenye chuma chenyewe.

1. Chuma kwanza, mapambo baadaye. Ala huoza, mpini hulegea, mwenye mali akatengenezesha vipya. Kwa hiyo upanga wa kale waweza kuwa na ala ya juzi. Mimi huuchomoa kwanza, nikausogeza dirishani na kuuinamisha taratibu mpaka mwanga upite ubavuni. Panga nyingi bora za Tibet zilifuliwa kwa kuunganisha chuma kigumu na kilicho laini. Ukizitazama hivyo, utaona mistari ya giza na ya mng'ao ikitoka mpinini sambamba, ikikaribia ncha inakunja na kurudi ilikotoka. Mhunzi aliikunja pamoja na chuma. Mistari ya kuchorwa kwa asidi hukaa juu juu tu.

2. Himalaya ni nchi nyingi. Kora, upanga wa Nepal, hupinda kwa mbele, makali yakiwa upande wa ndani, na hupanuka sana nchani. Mara nyingi hapo huchorwa jicho au ua la yungiyungi. Ilibebwa vitani, ikachinjia pia wanyama wa sadaka. Upanga wa Tibet kwa kawaida umenyooka, una makali upande mmoja. Walepcha wa Sikkim wana wao, ban, ambao ala yake ya mbao iko wazi upande mmoja, chuma kinaonekana.

3. Uliza mwaka ni wa kalenda gani. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Silaha za Nepal zenye tarehe huwa zimeandikwa kwa Devanagari, na mwaka mara nyingi ni wa Bikram Sambat, iliyotangulia kalenda yetu kwa takriban miaka 57. Ukisoma 1962 utadhani ni silaha ya juzi, kumbe ni ya 1905 au mwanzoni mwa 1906. Pasipo maandishi, taja karne. "Tibet, karne ya 18 au 19" ni jibu la heshima.

4. Fuata njia ambayo upanga ulipitia. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua shehena kubwa ya silaha kutoka Lagan Silekhana, ghala la kale la jeshi mjini Kathmandu. Zikasambaa duniani. Risiti ya mauzo hayo inathibitisha kwamba silaha ilikaa ghalani. Haithibitishi ilifuliwa lini.

5. Linganisha na zilizochunguzwa. Kwa Tibet, anzia kitabu cha Donald LaRocca kilichotoka na maonyesho ya Metropolitan Museum, New York, mwaka 2006.

6. Weka msasa mbali. Inaniuma kuona upanga uliong'arishwa hadi ukawa kama kijiko kipya: alama za mhunzi zimefutika, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Kama umerithi upanga wa namna hii, upake mafuta mepesi, upige picha ubapa, mgongo, ncha, mpini na kila herufi, kisha umpelekee mtaalamu wa makumbusho kabla fundi yeyote hajaugusa.