Nywila na Kujaribu Tena katika Programu za Wavuti

Mtahiniwa, anza na swali hili. Programu imetuma ombi kwa seva pamoja na jina la mtumiaji na nywila, nayo seva imejibu 401. Programu ifanye nini? Katika mitihani ya majaribio ninayosahihisha, jibu ninalokutana nalo mara nyingi ni hili: "Isubiri kidogo kisha itume tena." Jibu hilo halina alama hata moja, na ukielewa sababu yake, mada hii yote itakuwa rahisi kwako.

Kila jibu la HTTP huja na namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 2, ombi limefanikiwa. Ikianza na 4, tatizo liko kwa aliyeomba. Ikianza na 5, tatizo liko kwenye seva. Namba 401 maana yake seva haijakutambua: nywila imekosekana au si sahihi. Namba 403 maana yake huna ruhusa, hata kama umetambuliwa. Sasa jiulize: nywila isiyo sahihi itakuwa sahihi baada ya sekunde tano? Ufunguo usioingia mlangoni hauwezi kuingia kwa sababu tu umesubiri barazani. Kwa 401 na 403, programu isimame na kumwarifu mtumiaji.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa aibu. Niliandika programu fupi ya kuchukua alama za wanafunzi kutoka kwenye mfumo wa shule, nikaiagiza ijaribu tena kila inaposhindwa, bila kikomo. Nywila ilikuwa imebadilishwa wiki iliyotangulia, nami nikasahau. Programu ilibisha hodi kwa nywila ya zamani mara nyingi mno, mfumo ukadhani ni mtu anayebahatisha nywila, akaunti ikafungwa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha alama. Wenzangu wote waliotumia akaunti hiyo walikwama pamoja nami.

Kujaribu tena kunafaa pale ambapo muda unaweza kuondoa tatizo. Mfano ni 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, au mtandao uliokatika. Hapa watahiniwa hunaswa na 429: inaanza na 4, lakini maana yake umetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi, kwa hiyo kusubiri ndiyo dawa. Mara nyingine seva hutaja muda wa kusubiri katika kichwa cha jibu kiitwacho Retry-After. Ukitajwa, ufuate.

Usipotajwa, ongeza muda maradufu kila mara. Algoriti yake ni hii:

1. Weka subira = 1, jaribio = 1
2. Tuma ombi
3. Likifanikiwa, maliza
4. Jibu likiwa 401 au 403, toa taarifa kisha maliza
5. Jaribio likiwa 5, toa taarifa kisha maliza
6. Subiri sekunde za subira
7. Weka subira = subira × 2, jaribio = jaribio + 1
8. Rudi hatua ya 2

Ukifuatilia hatua hizo, vipindi vya kusubiri ni sekunde 1, 2, 4 na 8, jumla 15. Si vipindi vitano, maana baada ya jaribio la tano hakuna kusubiri tena. Hesabu hiyo huwaangusha wengi. Katika kazi halisi huongezwa pia kipande kidogo cha muda wa kubahatisha, ili programu mia moja zilizoshindwa kwa pamoja zisirudi kwa pamoja na kuiangusha tena seva inayoinuka.

Tuje kwenye nywila yenyewe. Usiiandike ndani ya msimbo. Ukishauhifadhi msimbo huo kwenye Git, kuifuta nywila baadaye hakutoshi, kwani matoleo ya zamani bado yanayo, lazima uibadilishe. Iweke katika vigeu vya mazingira, yaani thamani zinazotunzwa na mfumo endeshi nje ya programu. Usiichapishe pia kwenye faili la kumbukumbu za makosa.

Tena, usidanganywe na sura. Katika uthibitishaji wa msingi wa HTTP, maneno juma:siri123 husafiri kama anVtYTpzaXJpMTIz. Yanaonekana yamefichwa, lakini hiyo ni Base64 tu, na yeyote anaweza kuyarudisha bila ufunguo. Kinachoyalinda njiani ni HTTPS.

Swali la mazoezi: Programu imetuma ombi la POST la kulipa ada. Sekunde 30 zimepita bila jibu. Eleza kwa nini ni hatari kutuma tena mara moja, na utaje njia moja ya kuepuka hatari hiyo. (Alama 4)

Jibu: Kukosa jibu si ushahidi kwamba malipo hayakufanyika. Huenda seva ilipokea ombi na kulitekeleza, kisha jibu likapotea njiani. Ombi la pili litamtoza mzazi mara mbili. Njia ya kuepuka ni kulipa kila ombi la malipo namba yake ya pekee na kuituma namba ileile katika kila jaribio, ili seva ilitambue ombi la marudio na isitoze tena.