SOMO LA TUNISIA: MTAWALA AKISHA KUONDOKA, NI NANI ASHIKAYE USUKANI?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, usiku mmoja baada ya darsa, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alituuliza, akasema: «Maalim, watu wakisimama wakamwondoa mtawala aliyewakalia miaka mingi, je, hupata utawala wa mashauri, huu uitwao demokrasia, au hupata mtawala mwingine tu?» Baadhi ya wazee waliokuwapo wakacheka, wakasema: «Sisi Waislamu hatuwezi ila mkono mmoja wenye nguvu.» Hatukumjibu kijana usiku ule, kwani swali lake lataka kisa kizima. Na kisa tulichochagua ni cha Tunisia.

KISA CHENYEWE

Jueni kwanza kwamba Tunisia si nchi changa katika elimu wala katika siyasa. Ndiyo nchi ya Kairouan, mji ulioasisiwa na Uqba bin Nafi mwaka 670, na ya msikiti wa Zaytuna. Ndiko alikozaliwa Ibn Khaldun mwaka 1332, mwanachuoni aliyefundisha kwamba dhulma ndiyo iharibuyo ustawi wa nchi. Mwaka 1861 ilitoa katiba iliyoandikwa, ya kwanza katika nchi za Waarabu. Na mwaka 1867 Khayr al-Din, mmoja katika wakuu wa dola yake, alitoa kitabu akieleza kwamba mtawala hana budi kufungwa na sharia na mashauri. Walakini katiba ile ilisimamishwa mwaka 1864, na mwaka 1881 Wafaransa wakaingia.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1956 ilishikwa na Habib Bourguiba, naye mwaka 1975 akafanywa rais wa maisha. Mwaka 1987 waziri mkuu wake, Zine El Abidine Ben Ali, alimwondoa kwa hati ya matabibu waliosema kwamba mzee hawezi tena kazi. Watu wakafurahi. Ben Ali akaahidi kwamba hapatakuwa tena na urais wa maisha. Kisha yeye mwenyewe akakaa miaka 23, na mwaka 2002 katiba ikabadilishwa ili aweze kuendelea. Tazameni, ndugu zangu: furaha ya kwanza ilikuwa hii, nayo haikuwafaa kitu.

Tarehe 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, kijana muuza matunda, Mohamed Bouazizi, alinyang'anywa bidhaa yake na watu wa serikali ya mji. Akaenda kushitaki, hakusikilizwa; akajitia moto, akafa tarehe 4 Januari 2011. Sisi hatusemi kwamba kujiua ni halali. Ni haramu, na hukumu ya mtu huyo iko kwa Mola wake. Lakini mwenye kuutazama moto ule na autazame pia mlango aliofungiwa. Watu wakatoka mji baada ya mji, na siku ya 28, tarehe 14 Januari 2011, Ben Ali alipanda ndege akakimbilia Saudia. Huko ndiko alikofia mwaka 2019.

WALIYOYAPATA

Tarehe 23 Oktoba 2011 watu walipiga kura kuchagua majlisi ya watu 217 ya kutunga katiba. Chama cha Ennahda, chama cha Kiislamu, kilipata viti 89. Ni vingi kuliko vya chama kingine cho chote, lakini si vya kutosha kutawala peke yake. Basi kikashirikiana na vyama viwili visivyo vya Kiislamu, na urais akapewa Moncef Marzouki, asiyekuwa mtu wa Ennahda.

Mwaka 2013 fitina ikawasha moto. Wakuu wawili wa upande wa upinzani, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, waliuawa kwa risasi, mmoja Februari na mwingine Julai. Mwezi huo huo wa Julai, huko Misri, jeshi lilimwondoa Mohamed Morsi aliyekuwa amechaguliwa mwaka 2012, na watu wakadhani kwamba Tunisia nayo yafuata njia hiyo. Lakini jamaa nne walisimama kati: chama cha wafanya kazi, chama cha matajiri wa biashara na viwanda, jumuiya ya haki za binadamu, na jumuiya ya mawakili. Wakawakalisha mahasimu pamoja mpaka wakasikizana. Ennahda ikaacha serikali kwa hiari yake, na tarehe 26 Januari 2014 katiba ikapitishwa kwa kura 200 katika 216. Jamaa wale wanne walitunukiwa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2015.

Zingatieni neno hili: chama kilichoshinda kiliacha serikali bila ya kupigwa. Hilo ni adimu kwa Waislamu na kwa wasiokuwa Waislamu.

WALIYOYAPOTEZA

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo, basi jengo liliangukaje? Sababu tuzionazo sisi ni tatu.

Ya kwanza ni njaa. Bouazizi hakuwa akidai kura. Alikuwa akidai riziki yake na heshima yake. Serikali zikaja na kwenda, moja baada ya moja, na kijana wa Sidi Bouzid akabaki pale pale bila ya kazi. Mwaka 2015 wauaji walishambulia jumba la makumbusho la Bardo, kisha wakaua wageni 38 katika ufuo wa Sousse, na biashara ya watalii ikavunjika. Mtu mwenye njaa ukimwambia «Una uhuru wa kusema», atakujibu kwamba asemalo halimlishi mwanawe.

Ya pili ni ugomvi wa majlisi. Wabunge wakawa kama jamaa wanaogombea mirathi na maiti hajazikwa. Watu wakawachukia, kisha wakaichukia majlisi yenyewe.

Ya tatu ndiyo kubwa, na wengi hawaijui. Katiba ya 2014 iliamuru iundwe mahkama ya katiba ya makadhi 12, ya kuamua baina ya rais na majlisi wanapokhitalifiana. Nayo iundwe ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi. Wanne wachaguliwe na majlisi, wanne na baraza la makadhi, wanne na rais. Miaka ikapita, majlisi ikachagua mmoja tu, kwani kila chama kilitaka kadhi wake. Wahenga wamesema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mahkama haikuundwa kamwe.

Basi mwaka 2019 akachaguliwa Kais Saied, mwalimu wa sharia za dola, kwa zaidi ya kura 70 katika kila 100. Tarehe 25 Julai 2021 alimwondoa waziri mkuu na kuisimamisha majlisi, akitumia kifungu cha 80 cha katiba, kinachohusu khatari. Kifungu hicho chasema kwamba wakati wa khatari majlisi huendelea kukaa, na kwamba baada ya siku 30 mahkama ya katiba yaweza kuulizwa kama khatari ingalipo. Lakini mahkama hiyo ilikuwa wapi? Hapakuwa na wa kuulizwa. Na watu walitoka njiani usiku ule wakishangilia.

Nami nakiri mbele yenu: niliposikia khabari ile, nilisema moyoni kwamba huenda mtu mmoja mwadilifu akatengeneza walichokiharibu wengi. Nilikosea. Mwaka 2022 baraza la makadhi lilivunjwa, na makadhi 57 wakafukuzwa. Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ambayo wapigao hawakufika hata thuluthi ya wenye haki ya kupiga. Mwaka 2023 Rached Ghannouchi, kiongozi wa Ennahda na aliyekuwa spika wa majlisi, alitiwa gerezani. Oktoba 2024 Saied alichaguliwa tena kwa kura 90 na zaidi katika kila 100, hali wengi wa watu walikaa majumbani mwao.

MAS-ALA: JE, WAZEE WALISEMA KWELI?

Wazee wetu walitoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu, miongoni mwao Imam Nawawi, walikataza kumtokea mtawala kwa silaha, hata akiwa dhalimu. Hilo ni kweli, na sababu yake ni kuchelea damu na fitina. Na mwenye kutaka ushahidi naaitazame Sudan, ambako al-Bashir aliondolewa Aprili 2019 baada ya miaka 30, kisha wenye silaha wakaipokonya serikali mwaka 2021, kisha wakapigana wao kwa wao tangu Aprili 2023. Lakini wanavyuoni hao hawakusema kwamba dhulma ni halali, wala hawakusema kwamba mtawala hashauriwi wala haulizwi. Al-Mawardi, naye ni Mshafii, aliueleza uimamu kuwa ni mkataba baina ya mtawala na watu wenye rai. Na mkataba una sharti zake kwa pande zote mbili. Na Qurani yenyewe ina sura iitwayo kwa jina la Mashauri.

Hoja yao ya pili ni kwamba Waislamu hawawezi ila mkono mmoja wenye nguvu. Hiyo yavunjwa na Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi, na wengi wao ni wa madhehebu yetu ya Shafii. Suharto aliwatawala miaka 32, akaondoka tarehe 21 Mei 1998 kwa kelele za watu na kwa taabu ya pesa. Mwaka 1999 alichaguliwa Abdurrahman Wahid, sheikh na mwana wa masheikh, kiongozi wa Nahdlatul Ulama. Naye Julai 2001, alipokuwa katika ugomvi na majlisi, alitoa amri ya kuisimamisha, kama alivyofanya Saied miaka 20 baadaye. Lakini huko mahkama kuu ilisema amri ile haifai, jeshi halikuitii, na majlisi ikamwondoa yeye. Naye akatoka katika jumba la serikali, na makamu wake, Megawati, akashika mahali pake. Kisha mwaka 2003 wakaunda mahkama yao ya katiba, na mwaka 2004 watu wakamchagua rais kwa kura zao wenyewe.

Sheikh yule alikuwa mtu wa elimu na wa kupendwa. Hata hivyo elimu yake haikumruhusu kuvunja mkataba. Hapo ndipo penye tofauti ya nchi mbili hizi: si dini ya watu, wala si wema wa mtawala, bali ni kuwapo kwa mwenye kusema «Hapana», akasikiwa.

KHULASA

Basi jibu letu kwa kijana ni hili. Kumtupa nahodha baharini si kujua kushika usukani. Watu wakimwondoa mtawala wa miaka mingi, hupata nafasi tu, hawajapata utawala wa mashauri. Na nafasi hiyo huifadhi mambo manne:

1. Kuunda mahkama isiyokuwa ya mtu, mapema, kabla ya ugomvi wa kwanza, kwani hakuna atafutaye kadhi mwadilifu katikati ya vita.
2. Mshindi kuwaachia walioshindwa mahali pa kukaa, kama Ennahda walivyofanya mwaka 2014.
3. Kuitazama riziki ya maskini aliyekuwa wa kwanza kutoka njiani.
4. Watu wasishangilie sharia ikivunjwa, hata ikivunjiwa adui yao. Kwani mlango ule ule utavunjwa kesho kwao.

Na Tunisia je? Mlango haukufungwa milele. Katiba ya mwaka 1861 ilikufa, na miaka 150 baadaye watoto wa nchi ile wakaifufua rai yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mara nyingine itawapasa kuanza kwa kadhi, si kwa kushangilia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuusikia ukweli na kuufuata. Amin.