Somo: Picha za Kikundi Kwenye Simu

Ndugu wanakikundi, siku hizi mkutano ukiisha tu, iwe Keroka au Nyamira mjini, picha zinaenda Facebook na WhatsApp. Si vibaya. Lakini hebu tazameni vizuri: nyuma ya mama anayepokea mgao wake kunaonekana nini? Daftari la akiba liko wazi, kitambulisho kiko mezani, mtoto amevaa sweta yenye jina la shule. Mwizi ataka nini tena?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda sura ya mtu pia. Kwa mtoto, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. (Hizo ni ng'ombe wa gredi wangapi? Hesabuni wenyewe!)

Basi katibu aulize kabla ya kupiga picha. Asiyetaka akae kando, asiulizwe sababu. Picha ikishahifadhiwa kwa simu ya mwingine, huwezi kuifuta. Ukiwekwa bila kukubali, mwambie aliyeiweka aitoe. Akikataa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo yatakiwa kuyachunguza na kuyamaliza kwa siku 90.